UCHAMBUZI: Carne asada bila nyama si usaliti wa jadi ya Meksiko

KASKAZINI mwa Meksiko, hasa katika majimbo ya Sonora na Nuevo León, carne asada ni zaidi ya nyama ya ng'ombe iliyochomwa kwa makaa. Jina hilo pia ndilo la kikao chenyewe cha jamaa na marafiki. Ndiposa wapo wanaodai kwamba kuiandaa kwa uyoga ni kuivunjia jadi heshima.

Dai hilo halina mashiko. Ng'ombe aliletwa na Wahispania katika karne ya 16. Kabla ya hapo, wenyeji wengi walitegemea mahindi, maharagwe, maboga, pilipili na mpungate, huku kitoweo kikitokana na bata mzinga na mawindo.

Isitoshe, ladha ya chakula hiki haitokani na nyama pekee. Ndimu, kitunguu saumu, bizari nyembamba, pilipili na moshi wa makaa huchangia pakubwa. Uyoga uliolowekwa katika viungo hivyo kwa nusu saa, kisha ukakandamizwa juu ya chuma chenye moto mkali, hukauka maji na kubadilika rangi kingoni. Ukirundikwa, hutokota badala ya kuchomeka.

Aidha, suala la afya halipuuziki. Mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliorodhesha nyama nyekundu miongoni mwa vyakula ambavyo huenda vikasababisha saratani.

Hata hivyo, wanaopigia debe mapishi haya wasisahau lishe. Gramu 100 za uyoga mbichi zina takriban gramu 3 tu za protini, ilhali nyama ya ng'ombe iliyopikwa ina zaidi ya 25. Pengo hilo huzibwa kwa maharagwe yanayoliwa pamoja na tortilla, yaani chapati za mahindi.

Hatari iliyopo ni mapishi haya kutekwa na viwanda vinavyouza nyama bandia kwa bei isiyofikiwa na mlalahoi. Tangu Oktoba 2020, sheria ya Meksiko inalazimu vyakula vya pakiti vyenye chumvi kupita kiasi kubandikwa alama nyeusi ya onyo, na bidhaa hizo hazijasazwa.

Mpishi anayetaka kuacha nyama hana haja ya kungoja kiwanda. Uyoga, mpungate na maharagwe vimo sokoni, na jiko la makaa ni lile lile.