Udongo Katika Pindo la Khanga

Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo akina mama wengi hulifanya kwa siri: kula udongo wakati wa ujauzito.

Mama mmoja alikuja kliniki viganja vikiwa vyeupe. Alipofungua pindo la khanga atoe kadi yake, kipande cha udongo kikaanguka. Akaanza kulia. Nyumbani aliambiwa ana pepo. Jumuiya ilimwombea mbele ya watu wote kwa kumtaja jina, akaona aibu na kuacha kuhudhuria. Nasema wazi kwamba hapo sisi wakristo tulimkosea.

Hamu hii si pepo wala si uroho. Mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Mjamzito ambaye kipimo cha damu yake kiko chini ya 11 ana upungufu wa damu, na akitokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, maisha yake yamo hatarini kuliko ya mwenzake. Udongo haumwongezei damu. Huweza kuzuia chuma cha chakula kisiingie mwilini, tena huweza kubeba mayai ya minyoo. Kwetu Chunya kuna hatari zaidi: udongo wa karibu na makarasha na marudio ya dhahabu huweza kuwa na zebaki, nayo humfikia mtoto tumboni. Hata pemba ya sokoni hujui imechimbwa wapi.

Basi tufanye nini? Baba, msindikize mkeo kliniki mapema. Mama, mweleze muuguzi ukweli bila woga, na umeze vidonge vya kuongeza damu kila siku, hata kama choo kitakuwa cheusi. Kula maharage, dagaa, mboga za majani na matunda kama machungwa. Chai usinywe pamoja na chakula.

Nanyi wanajumuiya na WAWATA, mtembeleeni kwa siri na upole. Yesu alipomfufua binti Yairo, aliagiza apewe chakula (Mk 5:43). Sala yetu nayo iende na kikapu cha maharage. Wakati wa Kwaresima msimlaumu asipofunga, maana Kanisa halimdai mjamzito afunge chakula.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata, safari hii na mumewe. Jumuiyani bado hajarudi. Nani atakwenda kumwita?