Aplikasio za simu: muanze na simu yenye iko mkononi

Ziwa Tshangalele lilizaliwa na barage ya Mwadingusha, yenye inatoa umeme tangu 1930. Lakini kwa wavuvi wengi wa kandokando, kuchaji simu ni kwenda kulipa. Mtu kama huyo ukimletea aplikasio nzito, Kifaransa kitupu, yenye kukula mega, ataifuta kesho yake.

Kule Kenya, mwaka 2007, M-Pesa haikungojea simu kubwa. Ilikaa ndani ya SIM, kwenye simu ya kubonyeza: menyu fupi, kisha SMS ya kusema feza imefika. Kwetu Kongo Vodacom iliileta mwaka 2012, na ikashika.

Kuna pia woga. Kuanzia 2020 mpaka 2022, RAM ilikata yunite za watu, na malalamiko yalikuwa mengi. Leo mtu akiona yunite zimepungua bila maelezo, anaachana nayo. Basi vijana wetu wa Likasi wenye kutengeneza aplikasio, bei ionekane mbele ya kubonyeza, tena kwa Kiswahili. Na mama muuza samaki mwenye hakusoma? Apige namba, asikie bei za soko kwa sauti. Hiyo haidai simu ya bei kali.