Kola ya Shati na Mkoromo wa Baba

Katika nyumba nyingi za parokia zetu mkoromo wa baba ni jambo la kuchekwa. Watoto humwigiza, mama huhamia chumba cha wasichana, na mgeni huambiwa kwamba mzee amechoka na kazi. Akisinzia wakati wa mahubiri, twamwita mvivu wa sala. Sisi twaona kicheko hiki kimedumu mno, maana baadhi ya hao wanaokoroma hukatika pumzi usiku kucha, wala hawajui.

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kama shingo imejaa mafuta, njia ya hewa hubanwa hata kuziba. Mkoromo hunyamaza ghafla kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mtu hushtuka kama aliyepaliwa, akavuta hewa na kuanza upya. Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana anasinzia, na huenda presha ikakataa kushuka ingawa anameza dawa. Fikirini mtu huyo awe dereva wa basi!

Wengi hutegemea mizani tu. Lakini mwaka 2008 madaktari wa Toronto, Kanada, walipotoa maswali mafupi ya kuwachunguza wagonjwa wanaongoja upasuaji, waliweka pia kipimo cha shingo, pamoja na uzito, umri wa kupita miaka 50 na kuwa mwanamume. Siku hizi mpaka unaotumika sana ni sentimita 43 kwa mwanamume na 41 kwa mwanamke. Asiye na futi kamba na atazame kola ya shati: namba 17 ni inchi 17, yaani sentimita 43. Aliyefunga ndoa akivaa namba 15, na leo kifungo cha 17 hakifungi, asijisifu kwamba mke anamtunza.

Hatusemi kila mwenye shingo nene ni mgonjwa. Wembamba nao wamo, hasa wenye taya dogo, na hata watoto wenye mafindofindo makubwa. Shahidi mkuu ni mke, kwa kuwa ndiye anayesikia ule ukimya. Kwa hiyo waende hospitali wawili. Mume akienda peke yake atamwambia daktari kwamba hulala vizuri sana.

Tunapendekeza parokia zinazopima presha baada ya Misa ziongeze futi kamba. Gharama yake ni ndogo mno kuwa kisingizio.

Kupunguza uzito husaidia, hata kidogo. Kuacha pombe ya jioni na kulala ubavu husaidia pia. Ipo mashine ya kusukuma hewa puani usiku, nayo hufanya kazi vizuri, ila bei yake ni nzito kwa familia nyingi. Na mwenye dalili hizi akiandikiwa upasuaji wowote, amweleze mapema yule atakayempa dawa ya usingizi.