Askari Anapoalikwa Harusini Gasenyi

Undugu baina ya watu wetu na Warundi haukuanza jana. Baada ya machafuko ya mwaka 1972 maelfu yao walivuka mpaka na kupewa ardhi huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Na ilipofika mwaka 2014, zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi hao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Hivyo si ajabu leo kumkuta koplo aliyezaliwa Katumba ambaye shangazi yake yuko Bujumbura, na kadi ya harusi ikamfikia kambini kutoka mtaa wa Gasenyi.

Sisi twaona ni haki yake kwenda. Lakini askari hata akivaa suti hubaki askari, na kosa dogo ambalo kwa raia lingeishia katika kicheko, kwake laweza kuwa jambo la kuandikiana barua baina ya serikali mbili. Kwa hiyo kibali cha mkuu wa kikosi kitangulie nauli. Sare, kofia ya kazi na hata mkanda vibaki kabatini. Asafiri kwa hati yake halali ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wala asidhani kwamba kitambulisho cha kazi kitamfungulia njia Kabanga au Manyovu. Kwa afisa wa mpakani yeye ni msafiri kama wengine, naye apange foleni.

Anayekwenda na gari lake akumbuke kwamba ng'ambo ya Kobero magari hupita upande wa kulia. Aulize pia habari za mafuta kabla ya kuondoka, kwani katika miaka ya 2024 na 2025 madereva wa Bujumbura walikesha vituoni wakingoja petroli. Na ikiwa harusi ni ya Jumamosi, afike tangu Ijumaa: asubuhi ya Jumamosi imekuwa desturi wananchi kufanya kazi za pamoja za jamii, na mwendo wa magari hubanwa. Fedha abadilishe benki au katika duka lenye leseni. Twajua vijana wa barabarani hutoa faranga nyingi zaidi. Lakini polisi anayewakamata walanguzi nyumbani atajitetea vipi akishikwa nao ugenini?

Gasenyi yenyewe si mtaa wa kuzubaa na simu mkononi. Hapo ndipo ilipo Ikulu ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa kwa Burundi mwaka 2019. Maharusi wapigwe picha uani na ukumbini. Askari wetu ambaye amewahi kushika lindo anajua mwenyewe jinsi mlinzi anavyomtazama mgeni aelekezaye kamera getini, na hana sababu ya kumtia mwenzake katika mashaka hayo.

Katika sherehe ya posa, wazee wa pande mbili huketi wakikabiliana na kusemezana kwa mafumbo marefu juu ya mahari, ambayo wenyewe huiita inkwano. Mgeni asikereke wala asiangalie saa. Maneno hayo ndiyo utamu wenyewe. Huenda akakaribishwa pombe ya mtama katika chungu kimoja chenye mirija. Asiyekunywa aseme kwa upole aletewe soda, na hapana atakayemlaumu. Ukumbini, aghalabu vinywaji na hotuba ndivyo hutawala, basi aliyezoea pilau ya harusi za kwetu ale kwanza. (Tumeona wageni wakinong'onezana habari za sahani hata hotuba ya baba wa bibi harusi ikawapita.) Mchango autie katika bahasha. Ngoma za Burundi, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014, asizirukie hata akishangiliwa: amri ya mwaka 2017 iliweka masharti ya kibali kwa sherehe za watu binafsi na kuwakataza wanawake kuzipiga. Mkewe naye aambiwe hilo mapema.

Siasa za nchi ya watu, makabila yao na habari za majeshi ya mipakani visiwe mazungumzo ya mezani. Mjomba mmoja mchangamfu atauliza tu kikosi chenu kina watu wangapi, pengine bila nia yoyote. Ajibiwe kwa habari za mvua na mavuno.

Limebaki la saa. Bujumbura iko nyuma yetu kwa saa moja. Mmoja wetu, kwa kutorudisha saa yake, aliwahi kufika kanisani akawakuta wafagiaji peke yao. Hilo ni la kuchekesha. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: anayevuka Kobero saa kumi jioni huikuta saa kumi na moja Kabanga. Ikiwa ruhusa yake inakwisha saa kumi na mbili, na kambi iko mbali, hana budi kuondoka Gasenyi siku moja kabla, hata kama shangazi analia.