Fizi: Pano ni kubwa, lakini waya ni wa spika

Juma lililopita, jioni, nilipita kwa familia moja hapa Baraka inayopokea ndugu zao waliokimbia vita kule milimani. Ndani ya parseli kuna nyumba moja ya udongo na mahema mawili ya turubai. Watu kumi na wanne, pano moja ya sola. Papa mwenye nyumba alinionyesha pano hiyo kwa furaha: wati 100, mpya, juu ya bati. Nikamuuliza taa zinawaka mpaka saa ngapi.

“Saa mbili ya usiku,” akajibu. “Tukibahatika, saa tatu.”

Nikafuata waya kwa mkono. Ulitelemka kutoka kwenye bati, ukapita ukutani, ukaingia chini ya mkeka ndani ya hema la kwanza, ukafika kwenye regilateri na betri ya gari, karibu kabisa na vichwa vya watoto wanapolala. Ulikuwa ule waya mwembamba, mwekundu na mweusi, tunaofungia spika za redio. Fyuzi hakuna. Palipounganishwa pamefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki.

Nasema wazi: hapa kwetu makuta yote yanakwenda kwenye pano, na kwa waya hatubakizi kitu. Ndiyo maana tunabaki gizani, na ndiyo maana siku moja turubai litawaka watu wakiwa wamelala.

Sababu ninaielewa. Pano inaonekana. Jirani akipita anaiona, shemeji akija anaisifu. Waya nani anausifu? Lakini tupige hesabu kidogo. Waya wa spika wa milimeta 0,5 za mraba, kutoka pano mpaka betri mita 10, kwenda na kurudi ni mita 20. Ampea 5 zikipita humo, zaidi ya volti 3 zinapotea njiani. Pano yenyewe, bati likiwa la moto saa sita ya mchana, inatoa kama volti 16. Toa zile 3. Betri ya volti 12 inahitaji kufikishwa karibu volti 14,4 ili ijae. Itajaa kwa shida, hata jua liwake namna gani. Chukua sasa waya wa milimeta 4, urefu uleule: hasara haifiki nusu volti. Pano ni ileile, jua ni lilelile.

Na ukinunua, kwaruza kwa kisu kabla ya kulipa. Nyaya nyingine zina rangi ya shaba juu tu, ndani ni nyeupe, ni aluminiamu. Hizo zinapitisha moto kwa shida kuliko shaba ya kweli, na zinakatika upesi.

Sasa jambo la kuungua. Watu wengi wanaogopa pano, kumbe wa kuogopwa ni betri. Pano ya wati 50, hata nyaya zake zikigusana, inatoa kama ampea 3 basi. Betri haina huruma hiyo. Nyaya zake zikigusana, panya akitafuna au mtoto akikanyaga, inatoa ampea zaidi ya mia kwa mara moja, na waya mwembamba unakuwa mwekundu kama mkaa. Dawa yake ni fyuzi ya ampea 10 kwenye waya wa chanya, karibu na betri, isipite urefu wa kiganja. Ukiiweka mbali, kile kipande cha waya kilicho kati yake na betri hakina mlinzi. Fyuzi pamoja na kishikio chake haifiki bei ya kuku.

Tena betri ya maji ikichajiwa inatoa hewa inayoweza kulipuka. Mahali pake ni pale upepo unapopita, mbali na mshumaa na mbabula, siyo chini ya kitanda.

Najua nitajibiwa: mwandishi, sisi tumekimbia na nguo tu, makuta ya waya yatoke wapi? Jibu langu ni hili: nunueni pano ndogo. Taa tatu za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 75. Simu nne, tuseme 40. Redio ndogo, 5. Jumla 120. Pano ya wati 50 ikipata saa nne za jua zuri, hata theluthi ikipotea, inatosha. Betri ya sola ya ampea-saa 20 inatosha pia, mradi usiipunguze kupita nusu. Ile tofauti ya bei kati ya pano ya 50 na ya 100 ndiyo waya wako, ndiyo fyuzi yako.

Kuhusu betri ya gari sina haki ya kumcheka mtu. Mimi mwenyewe niliuziwa moja, nikaambiwa “hii ni ya sola, kaka.” Kila usiku niliimaliza kabisa nikitayarisha habari za asubuhi. Miezi minne, ikafa. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, halafu ipumzike.

Mashirika ya kiutu nayo yasikie. Yanagawa taa ndogo za sola, na tunashukuru. Lakini Lusenda kuna wakimbizi wa Burundi wanaoishi pale tangu 2015. Mtu hakai miaka yote hiyo kwa taa ya mkononi. Atatafuta pano yake na kuifunga kama anavyojua. Anayegawa au anayeuza pano atoe pamoja nayo mita 10 za waya wa kufaa, fyuzi, na fundi wa kufundisha vijana nusu siku. Kwanza betri kwenye regilateri, kisha pano, mwisho taa. Kufungua, unarudi nyuma: pano inatoka kabla ya betri. Hilo la kufungua wahamaji walijue vizuri, maana siku ya kukimbia haina fundi. Nimeona watu wakifika hapa na pano kichwani na nyaya zimekatwa kwa panga, regilateri imebaki nyumbani kwenye ukuta.

Kwa yule papa, jioni ileile tulitoa betri ndani ya hema, tukaiweka barazani ndani ya sanduku la mbao lenye matundu. Kesho yake akanunua fyuzi. Waya wa milimeta 4 hakuupata kwa bei yake. Amepata wa 2,5, nao si mbaya. Tuliufunga Jumamosi, pano tukaitelemsha kutoka kwenye kivuli cha mwembe, maana kona moja tu ikifunikwa na majani pano karibu nzima inalegea. Jana alinipigia simu saa nne na nusu ya usiku. Nikashtuka, saa hiyo simu huwa ni habari mbaya. Akasema, “Taa zinawaka, na watoto wamekataa kulala.”