TAHARIRI: WAYA WA UMEME NA SAA ZA KAZI

Karani akaaye Pugu au Gongo la Mboto hahitaji kufundishwa thamani ya saa za asubuhi. Aingiaye ofisini baada ya mstari mwekundu kuchorwa katika daftari la mahudhurio hawezi kujitetea kwamba barabara ilijaa magari. Mkuu wake amekwisha kusikia neno hilo jana na juzi. Kwa hiyo, tangu treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, swali moja limekuwa likirudi katika mazungumzo ya wanachama: mbona njia zetu za mjini nazo zisitiwe umeme, dizeli ikaachwa?

Swali ni jema, nasi yatupasa kulipima bila upendeleo.

Ubora wa umeme hauna ubishi. Treni ya dizeli hubeba mtambo wake na mafuta yake popote iendapo. Ile ya umeme hupokea nguvu kutoka waya ulio juu yake, basi huondoka kituoni kwa wepesi zaidi. Hili si jambo dogo mjini, maana vituo vimekaribiana, na treni husimama na kuondoka mara nyingi. Tena, ipunguzapo mwendo, huweza kurudisha umeme katika waya ili treni nyingine iutumie. Zaidi ya hayo, dizeli tuichomayo huletwa kwa meli na kulipwa kwa fedha za kigeni, hali umeme wetu hutokana zaidi na maji na gesi ya nchi hii. Bwawa la Julius Nyerere peke yake, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024, lilijengwa kwa mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115.

Lakini waya una gharama yake, nayo hutolewa kabla ya abiria wa kwanza kukata tikiti. Nguzo, waya na vituo vya kupoza umeme havipungui bei kwa kuwa treni zipitazo ni chache. Dizeli ni kinyume chake: kuianza ni rahisi, bali kila safari yadai mafuta yake na matengenezo yake. Ndiyo sababu njia yenye treni chache hufaa dizeli, na njia yenye treni nyingi hufaa umeme. Tena umeme ukikatika, haikwami treni moja, bali hukwama zote za sehemu ile.

Wenzetu waliotangulia waliijua hesabu hii. Reli ya Southern ya Uingereza ilipoanza kupitisha treni za umeme baina ya London na Brighton, Januari 1, 1933, haikuondoa moshi tu. Iliweka treni za kuondoka kwa vipindi vilivyo sawasawa, hata msafiri akaweza kuihifadhi ratiba kichwani. Umeme na ratiba vilikwenda pamoja.

Na kwetu je? Treni za mjini zilianza Oktoba 2012, kwa dizeli, katika reli za zamani: moja hadi Ubungo Maziwa, na nyingine, kwa njia ya TAZARA, hadi Mwakanga. Zilipangwa kwa saa za asubuhi na jioni. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ina upana wa mita moja, na treni zikikutana, moja sharti ingoje mahali pa kupishana. Kutundika waya juu ya njia kama hiyo, bila kuongeza safari wala mahali pa kupishana, ni kumnunulia kofia mtu anayechomwa na miiba miguuni.

Basi twashauri mambo matatu. Kwanza, treni za dizeli katika reli ya zamani ziongezewe safari, mpaka abiria aweze kuzitegemea. Pili, waya uliokwisha kutundikwa utumike: reli mpya ina kituo Pugu, na treni fupi za asubuhi na jioni baina ya Pugu na mjini zingewafaa watu wa kazi, maadamu zisizuie treni za safari ndefu. Tatu, hesabu ya abiria wa kila njia na kila saa itunzwe kwa uaminifu, ili siku ya kuamua juu ya waya tuamue kwa tarakimu wala si kwa fahari.

Na hesabu hiyo ataiandika nani? Ni sisi makarani. Mwanachama anayekaa mbele ya daftari la tikiti asiione kazi yake kuwa duni, wala asijaze safu kwa kukisia apate kuondoka mapema. Tarakimu ya uongo aiandikayo leo yaweza kumrudia mwenzake kesho asubuhi, akiwa amesimama kituoni, saa zinakwenda, na treni haipo.