Ukurasa wa Vijana: Likizo ya Kuchimba, na Ujira Wake

Vyuo vikuu vikifunga kwa likizo ndefu, vijana wengi wa Mbeya na Iringa hurejea kwao, na wazazi hushukuru kupata mikono ya kusaidia shambani na dukani. Lakini yule asomaye akiolojia, yaani elimu ya mambo ya kale, huenda akafika na habari nyingine: anatakiwa kwenda kambini kuchimba kwa majuma kadhaa, kwa kuwa mafunzo ya vitendo ni sehemu ya masomo yake. Baba huuliza kama wanakwenda kutafuta mali ya Mjerumani. Mama huuliza swali lililo zito zaidi: atalipwa?

La baba tulijibu upesi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mahali pa namna hiyo bila ya kibali cha Serikali, na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vimo katika ulinzi wake. Kijana hatarudi na dhahabu. Atarudi na kucha chafu na daftari lililojaa vipimo.

Daftari hilo ndilo kazi yenyewe. Mchimbaji huukwangua udongo kwa mwiko kama wa mwashi, tabaka baada ya tabaka, kisha huupitisha katika chekeche. Na kila kipande cha jiwe au mfupa huandikiwa mahali kilipolala na kina chake. Jiwe lililookotwa bila ya kuandikiwa mahali pake ni kama hadithi isiyo na isnadi: huenda ni kweli, lakini nani ataitegemea?

Na mahali pa kujifunzia hapako mbali. Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka mjini Iringa kwa njia ya Mbeya, na mabasi yetu hupita karibu nayo kila siku. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa Afrika ya Kusini, akiwa safarini, aliokota zana za mawe katika korongo lile; kisha mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuja kupachimba, na zikaonekana shoka za mkono nyingi ajabu, pamoja na mifupa ya aina ya kiboko ambaye hayupo tena duniani. Kipimo kilichotangazwa mwaka 1972 kilipakadiria miaka 260,000 hivi. Huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, wachimbaji wa miaka ya 1960 waligundua kwamba watu walikuwa wakipika chumvi hapo tangu karne ya 13 hivi.

Bibi Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alichunguza bonde la Songwe katika miaka ya 1990, na tangu mwaka 2006 akachimba Magubike na Mlambalasi katika Mkoa wa Iringa. Ncha za mawe za Magubike zilikuwa miongoni mwa zile alizozichunguza Mtanzania Pastory Bushozi, akapata udaktari katika chuo hicho mwaka 2011, naye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hivyo asiseme mtu kwamba udongo huu hauna mlango.

Turudi kwa mama. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huweza kupata humo fungu la mafunzo ya vitendo, na wengi hulipokea kana kwamba ni mshahara. Wengine hata huwanunulia wadogo zao zawadi. Zawadi ni njema, lakini fedha ile si ujira. Ni deni, nalo litarudishwa siku atakapoanza kazi. Asiye na mkopo hula mfukoni mwa baba, na baba akiwa hana, kijana hutafuta mahali pa karibu popote apigiwe muhuri fomu yake, na kuchimba akakukosa. Huko Marekani hifadhi za taifa huwaajiri wanafunzi kwa kazi hii wakati wa likizo, kwa malipo. Hapa wanakijiji wanaoshika sepetu hulipwa kwa siku, na ndivyo ipasavyo. Lakini mwanafunzi apimaye na kuandika kando yao aweza kuondoka mikono mitupu, akaambiwa kwamba amelipwa elimu. Mimi sikubali. Mwenye kuomba fedha za utafiti, awe mgeni au mwenyeji, na aandike posho ya wanafunzi katika makadirio yake pamoja na petroli na mahema. Habari ya jasho na ujira si ngeni kwa Waislamu.

Wala msimzuie binti kwa sababu ya kambi. Ulizeni, tena kwa barua: nani kiongozi, wasichana watalala wapi na pamoja na nani, kibali cha kuchimba kiko kwa jina la nani, nauli na chakula ni juu ya nani, posho ni kiasi gani na italipwa lini, na saa za sala zitaachwaje. Kiongozi mwema hujibu bila ya kuona haya. Na apewe koti zito, kwani alfajiri ya Julai huko Iringa maji ya udhu huuma vidole.